Mbogi ya Kinjeketile: Venye Tulichoma Picha na Watu Wakalipa Kuona

Skiza msee wangu. Campo inakupea vitu mob bure: kunguni, deni ya kibandaski, na roommate mwenye anapiga simu za mapenzi saa tisa usiku. Halafu kuna play ya drama club. Hiyo haikuangi bure. Inakula fare, inakula HELB, inakula sauti, inakula wikendi zako zote. Ikimalizana na wewe umebaki na kitu hauezi pata Gikosh, ata ukiwahi camera saa kumi na moja asubuhi bale ikipasuliwa.

Wasee wa mtaa wakiona picha zangu za hiyo time wanadedi na kicheko. Gumboot. Kofia ya kadibodi. Masharubu ya kiwi. Wacha wacheke. Hao walikuwa wanalipa kuingia club kusimama kwa corner wakishika soda moja masaa manne. Mi watu walilipa kuniona. Tuko level moja? Zii.

Sanaa gani? Tulikuja juu ya dishi

Leo ukiuliza mtu yeyote wa mbogi yetu, anakupea speech. "Nilikuwa na passion tangu primo." Jaba. Nilikuwa hapo. Nusu ya watu walikuja audition juu kuna mresh wa second year alikuwa ameandika jina kwa list. Robo walikuja juu kulikuwa na fununu ya chapo. Wenye walibaki walikuwa wamefukuzwa hosti, roommate ameleta mgeni. Sanaa tulikutana nayo huko ndani, kwa bahati mbaya.

Director alikuwa msee wa third year. Skafu shingoni Januari, jua inaivisha watu. Kitabu kwapani. Venye alikuwa anatembea, ungedhani Broadway walimpigia akakata simu. Alikuwa amekaa nyuma ya dawati kwa lecture hall yenye projector yake ilidedi kitambo, na kila mtu akisimama mbele anaambiwa kitu moja.

"Nipe hasira."

Unampea hasira. Unarusha mikono, mishipa ya shingo imetoka.

"Hapana. Hiyo ni hasira ya mathree. Nipe hasira ya 1905."

Buda, 1905 ilikuwa na hasira gani special? Hakuna mtu alijua. Lakini hiyo line ilishika. Kuanzia hiyo siku kila kitu kwa hiyo mbogi ilikuwa ya 1905. Njaa ya 1905. Fare ya 1905. Ukichelewa rehearsal unaulizwa kama ulikuja na miguu kutoka 1905.

Parts zikagawanywa. Kulikuwa na chali mmoja wa kutokelezea vibaya, luku safi, fade imekatwa jana, alikuwa anajua yeye ndio star. Akapewa Mwanakijiji wa Tatu. Lines zake zote zingetoshea kwa karatasi ya smokie. Hakusema kitu. Alikunja tu hiyo script akaweka mfukoni, na mi nikajua huyu atatuletea ngori mbele. Mwekee alama.

Mi nilipewa askari wa Mjerumani. Villain. Usinionee huruma. Villain ndio kazi: unapiga kelele, unavaa buti, lines za ku-cram ni kidogo, na watu wanakuchukia na roho safi. Nani mwingine campo alikuwa anapata attention hivyo?

Kaa chini nikupange

Play ilikuwa Kinjeketile. Kama huijui, hakuna shida, ata sisi tulikuwa tunajua set book tu. Ebrahim Hussein, msee wa pwani ya kusini ya Tanzania, aliitoa 1969. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, umri wenye sisi term paper moja ilikuwa inatushinda. Baadaye akaenda Berlin Mashariki kusoma PhD. Cheki hiyo form: unawachana Wajerumani kwa play nzima, halafu unaenda kwao wakuite daktari. Hiyo ni confidence.

Stori ni ya vita vya Maji Maji, kusini mwa Tanganyika, 1905. Mjerumani analazimisha watu kulima pamba. Kodi juu. Kiboko juu. Ngarambe, huko upande wa Rufiji, kuna mganga anaitwa Kinjeketile Ngwale. Wazee wa huko wanasema aliingia mtoni, watu wakajua amekufa, kesho yake akatoka. Mkavu. Akatoka na dawa: maji, mtama na mafuta ya mbarika. Ukinyunyiziwa, risasi ya mzungu inageuka maji. Makabila yenye hayakuwa yanasalimiana yakaungana juu ya hiyo kibuyu. Halafu tarehe 30 Agosti wakavamia boma ya Mahenge, na hapo boma kulikuwa na machine gun.

Risasi haikugeuka.

Vita iliisha 1907. Wajerumani walikuwa wamechoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza wenye risasi iliwaacha. Makadirio ya waliokufa ni kutoka 75,000 mpaka 300,000. Mi nilisoma hiyo namba nikiwa nimeketi kwa ngazi za hosti na KDF mkononi, na nikaacha kukula kidogo. Kidogo tu. KDF ilikuwa ya moto.

Sasa skia mahali Hussein ni mnoma. Kwa historia, Kinjeketile alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa ndio inachemka. Hussein akasema zii, huyu simuui mapema. Kwa play anamweka hai mpaka mwisho, ndani ya seli, aone yote yenye maji yake imefanya. Anaambiwa akiri ilikuwa uongo. Anakataa. Na si kukataa ya kiburi. Anajua akisema tu ni uongo, wenye watazaliwa kesho wataambiwa wale waliopigana walikuwa wajinga.

Mi ndio nilikuwa namchapa hapo. Kila rehearsal. Na kila rehearsal ikiisha tunabishana mpaka mess inafungwa. Angekubali, angeokoa watu? Alidanganya watu, ama aliwapea kitu ya kuwaunganisha? Msee wa Economics akasema hiyo ni marketing. Msee wa Law akasema hiyo ni fraud. Manzi mwenye alikuwa anaact bibi ya Kitunda, mhusika mwingine wa play, akasema nyinyi wote hamjawai lala njaa, mnyamaze. Tukanyamaza. Class ya historia haijawai nifanyia hivyo.

Maji imekosea nini?

Shida ilikuwa mdomo. Script iko na Kiswahili ya kupanda na kushuka, Kiswahili imevaa kanzu. Mbogi imetoka Umoja, Nakuru, Kisumu na Githurai. Mwanakijiji wa Tatu alikuwa na sentensi karibu moja na akaifungua na "maji hii."

Tulikuwa tumeokota msee wa Lamu kwa class ya Linguistics, akawa coach wetu wa lugha. Msee mpole sana. Akiskia "maji hii" alikuwa anafunga macho, anashika paji la uso, anangoja maumivu yapite.

"Ndugu zangu. Maji haya. Haya! Maji yamewakosea nini?"

Tukarudia. Maji haya. Tukarudia mpaka watu wa hosti ya pili wakatupigia kelele kwa dirisha. Na polepole kitu ikaanza kutuingia bila ruhusa. Siku moja Kinje, chali wa part ya Kinjeketile, hivyo ndio tulikuwa tunamwita, mpaka leo sina jina lake ya ukweli kwa simu, alienda kibandaski akasema, "Mama, tafadhali niongezee maharagwe kidogo." Mama akaweka mwiko chini. Akamuuliza kama ameokoka.

Bei ya kukaa maskini

Sasa tuongee ganji, juu hapa ndio watu walilia. Kukaa mwanakijiji maskini wa 1905 ni bei. Kukaa slay queen wa leo ni rahisi kuliko hapo.

Magunia: tulienda Nyamakima kwa wasee wa nafaka. Gunia tupu ya kawaida ilikuwa finje hivi. Tukafanya ile kosa ya Director kufungua mdomo na kusema ni ya theatre. Bei ikapanda hapo hapo. Muuzaji alicheki skafu akaona doo.

Kaniki: nguo nyeusi ya wenyewe. Biashara Street wako na leso za kila rangi dunia imewai ona, isipokuwa hiyo. Tukanunua shuka nyeupe, tukazichemsha na rangi kwa sufuria ya mtu mwenye hakuambiwa. Zikatoka purple. Usiku kwa stage, ukikaza macho, ni nyeusi.

Bunduki: fundi wa Gikosh alichonga za mbao. Mbili zilitoka fiti. Zenye zilibaki zilikaa mwiko ya kusonga ugali ya matanga. Tukazipeana kwa askari wenye wanasimama nyuma.

Gumboot zangu: za kuazima, za msee wa mjengo, na alikuwa anazihitaji kila asubuhi. Deal ilikuwa moja: zirudi kabla ya saa kumi na mbili na zisikuwe na harufu. Hiyo ya pili sikuwai iweza.

Makeup: unga ya ngano kwa nywele, umekuwa mzee. Jivu kwa miguu, umekuwa mkulima. Lakini manzi wa makeup alikuwa na viwango. Alikataa kugusa mtu bila foundation ya thao mbili. Thao mbili, msee, ipakwe mtu mwenye anadedi scene inayofuata.

Posta: A3 za rangi, River Road. Director alitaka picha ya mto. Pesa ilikuwa ya picha moja, so tukaweka uso ya Kinje na filter. Dame watatu walikuja show wakidhani ni gig ya R&B.

Halafu hall. Skia hii. Club ni ya chuo. Wanafunzi ni wa chuo. Hall ni ya chuo. Na tulilipishwa hall. Sitaji jina la chuo, wanajijua, na bado wanapost picha za hiyo show kwa brochure.

Tiketi tukaweka soo mbili. Comrades wakaanza bargain mlangoni. "Niachilie na soo, nitatoka kabla iishe."

Mzee pekee mwenye maoni yake ilihesabika

Hall ilikuwa inafungwa saa nne usiku. So tukahamia parking, nyuma ya library, chini ya security light. Usiku ya kwanza soja alitufukuza na rungu. Ya pili akatufukuza polepole. Baada ya hapo akawa anakuja na kajiwe kake anakalia. Koti refu mpaka magoti, redio ndogo mfukoni ya kifua imewekwa chini chini, tochi. Hasemi kitu. Anacheki tu.

Usiku moja tuko kwa ile scene ya seli, mi nimeinulia Kinje bunduki, soja akasimama. Akakuja mpaka mbele yangu. Akaninyang'anya bunduki.

"Kijana, umeshika jembe."

Akavua kofia akampea Director ashike. Akaweka kitako kwa bega, hapo chini ya mfupa. Mguu wa kushoto mbele, goti limelegea kidogo. Kidole kimenyooka kando, hakijagusa kitu. Mgongo wenyewe ulibadilika, msee. Ile koti ikakuwa uniform.

"Sasa wewe unaangalia bunduki. Usiangalie bunduki. Angalia mtu. Bunduki inajua kazi yake."

Akanirudishia. Akarudi kwa jiwe, akaongeza redio. Hatukumuuliza alijifunzia wapi. Nikamwangalia Kinje machoni na ile mbao begani, na Kinje akarudi nyuma hatua moja yenye haikuwa kwa script. Director akasema tuiweke.

Wazee wengine wote walikuwa comedy.

Chukua uncle yangu. Kila familia iko na huyu: amelipa fees ya muhula mmoja mwaka fulani, mpaka leo anaidai na mdomo. Sunday lunch, kuku iko mezani, mathee ametaja kwa furaha kuwa niko kwa play. Uncle akaweka mfupa chini.

"Tunakusomesha ukaenda kucheza michezo mbele ya watu? Huna aibu?"

Huyu ni mtu mwenye kila Christmas akishapiga mbili tatu anasimama katikati ya sitting room anaigiza Mzee Ojwang. Mkao, sauti, kila kitu. Anajua Vitimbi kuliko anavyojua watoto wake. Benson Wanjau, Ojwang mwenyewe, alipokufa 2015, uncle alikaa mbele ya TV na kitambaa. Sasa uncle, Ojwang alikuwa anafanya nini pale KBC? Accounts?

Wazee wanapendanga msanii akishakuwa kwa TV, ama akishakuwa kwa jeneza. Hapo katikati, mahali unaazima gumboot, hawakujui.

Usiku yenyewe

Hall ilijaa. Kujaa ya ukweli, watu wamekalia madirisha. Front row: wakubwa wa chuo, suti na maji ya chupa. Nyuma: comrades na miluzi.

Kinje akatoka mtoni. Mkavu kabisa, hiyo tuliweza, hakukuwa na mto. Akachukua kibuyu. Kwa rehearsal alikuwa ananyunyizia wanakijiji na vidole viwili, pole pole. Usiku ya show roho ikampanda. Alirusha. Maji ikaruka wanakijiji, ikaruka taa, ikaenda front row. Mkubwa mmoja ikamshika kwa tai. Dame mwenye alikuwa kando yake, wig ya thao kumi na tano kichwani, akatoa ile nduru yenye hatujawai ipata kwa rehearsal. Hall yote ikasimama. "Wameweza! Wameweza!" Watu wakadhani ni sehemu ya play. Ukiniuliza, ilikuwa.

Vita ikafika. Sauti ya machine gun ilikuwa ni fresha mmoja backstage na mabati na fimbo mbili. Tulikuwa tumemwambia apige mpaka Kitunda aanguke magoti. Kitunda akaanguka. Fresha akaendelea. Maiti zimelala, Kitunda anaomboleza na lines nzito za maana, na huko nyuma Mjerumani bado anamwaga risasi. Comrades wakaanza kushika beat. Nikasikia mtu anasema, "Hiyo producer ni nani?"

Na Mwanakijiji wa Tatu. Si nilikwambia umwekee alama? Alikuwa ameleta dame. Dame yuko row ya tano. Risasi ikamshika vile script inasema, upande wa kushoto, nyuma. Akaona hapo hataonekana. Akaamka. Akayumba mpaka katikati, akashika kifua, akaanguka. Hall ikapiga makofi. Kosa. Akaamka tena. Akaja mpaka mbele kabisa, akapiga goti, akainua mkono kwa mbingu, akamtafuta dame na macho, akampata, akadedi akimwangalia. Maiti zingine chini zilikuwa zinatetemeka na kicheko.

Halafu stima ikapotea.

Giza. Miluzi. Director huko backstage anaomba Mungu wa makabila yote. Tuko kwa scene ya seli, ile kubwa, na sioni ata mkono wangu. Mtu mmoja huko nyuma akawasha tochi ya simu. Mwingine. Row nzima. Mara hall yote imetuangazia, taa inatoka chini inapanda, na uso wa Kinje ikakaa mzee ghafla bila unga wowote.

Nikamwinulia bunduki. Nikaangalia mtu.

"Mwache huyo buda!" Comrade wa nyuma. "We karao, tutapatana nje!"

Nikamwambia akiri. Kinje akanyamaza. Alinyamaza mrefu kuliko script, mpaka hakukuwa na miluzi tena. Na kutoka mahali pa giza mtu akasema kwa sauti ya kawaida, venye unaongelesha beshte yako:

"Kataa, buda."

Akakataa. Hiyo nduru yenye ilipigwa, msee, nimeenda concert za thao tano sijawai iskia.

Baada ya show nikaenda kibandaski, masharubu ya kiwi imekataa kutoka. Mama akanicheki juu chini. Alikuwa ameingia dakika za mwisho, bure, amesimama mlangoni. "Wewe ndio ulikuwa unachapa mtoto wa watu." Akanipimia dondo kidogo na chapo ya jana. Hiyo ndio award yangu. Sijawai pewa review ya ukweli kuliko hiyo.

Kama ni mchezo, karao wa nini?

Sasa turudi kwa uncle na aibu yake, juu hapa ndio point.

Wazee wanakwambianga drama ni mchezo tu. Poa. Nenda Harry Thuku Road, Kenya National Theatre iko hapo, ng'ambo ya hoteli ya Norfolk, ilifunguliwa 1952, ule mwaka Emergency ilitangazwa. 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walipeleka pale play ya kesi ya Dedan Kimathi. Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaachana na town, wakaenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, watu wa kijiji wakajijengea theatre yao ya wazi wakacheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Wakulima na wafanyakazi wa viwanda ndio waigizaji. Baada ya wiki chache leseni ikatolewa. Kabla mwaka uishe Ngũgĩ alikuwa amekamatwa, akapelekwa Kamĩtĩ bila kesi, na huko ndio aliandika novel kwa toilet paper. 1982 ile theatre ya kijiji ikabomolewa.

Juu ya mchezo tu.

Unadhani hiyo ni ya kitambo? 2013, Butere Girls na Shackles of Doom: ikapigwa marufuku, mpaka High Court ikasema wacheze. Aprili 2025, Butere Girls tena, Nakuru, Echoes of War. Mwandishi ni yule yule, Cleophas Malala. Korti ilikuwa imesema wacheze. Malala akashikwa, teargas ikarushwa, na wasichana wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Hawakucheza. Wasichana wa high school, uniform na soksi, na serikali imekuja na gari.

Hakuna mtu hutuma karao kwa mchezo. Unatuma karao kwa kitu inakutetemesha.

Na inawatetemesha juu gani? Aibu. Aibu ndio remote ya wazee. Nyumbani: huna aibu? Kanisani: huna aibu? Kwa office ya chief: kijana, huna aibu? Wanabonyeza, unakaa chini. Sasa chukua mtu, mvalishe gumboot ya mwenyewe, mpake kiwi juu ya mdomo, mweke mbele ya hall nzima icheke mpaka ilie. Mpee hiyo miezi. Akitoka hapo, bonyeza hiyo remote. Battery imeisha.

Hiyo ndio kitu nilikwambia haiko Gikosh.

TikTok ni poa, sisemi ni mbaya. Mwanakijiji wa Tatu siku hizi ni mtu wa skits, ring light na kila kitu, ako na mafans kuliko sisi wote. Lakini ata yeye anakubali: kwa simu uki-choma unafuta, unaanza tena. Stejini hakuna kufuta. Ukichoma, umechoma na watu wako hapo, na lazima useme line inayofuata. Kinje ni wakili saa hii, na nimemwona kortini akinyamaza mrefu kuliko kawaida mpaka shahidi akaanza kutoa jasho. Tulijua alitoa wapi. Manzi wa bibi ya Kitunda anazunguka mashule na set books, wiki moja Kitale, ingine Voi, analala kwa basi na analalamika na hawezi wacha. Director bado ako na skafu.

So form ni hii. Semester ikianza utaona karatasi kwa notice board, imeandikwa na biro, imebandikwa na bubblegum. Usingoje beshte yako. Andika jina. Beba fare ya kurudi na usiikule. Ukiitishwa hasira, peana. Wakikupea star, sawa, shukuru. Wakikupea Mwanakijiji wa Tatu, chukua pia, itetemeshe hiyo sentensi yako moja.

Na risasi ikikushika, dedi poa. Dedi na roho yako yote. Lakini buda, dedi mara moja.